Kifaa kikisema panda na mwongoza ndege akasema shuka

Barua nyingi zinazoifikia safu hii huuliza kwa nini ndege imechelewa, na hilo ni suala la wenye ndege, si langu. Mwezi huu, hata hivyo, zimekuja barua nne zinazogusa jambo nililolisomesha kwa miaka baada ya kuteremka kutoka mnara wa kuongozea ndege: namna marubani na waongoza ndege wanavyofundishwa kukitumia kifaa cha kuepusha ndege kugongana angani. Nimezipa nafasi yote.

SWALI: Assalaam alaykum. Mwezi uliopita nilikuwa narudi nyumbani Pemba kupitia Unguja, na kutoka Dar es Salaam nilipanda ndege kubwa ya pangaboi. Tukiwa juu ya bahari ndege ilinyanyuka ghafla, tumbo likanishuka, na jirani yangu akaanza kuvuta uradi. Baada ya dakika chache rubani alitangaza kwamba kifaa cha kuepusha mgongano kilimwamuru apande, naye akapanda kwanza ndipo akamwarifu mwongoza ndege. Mwanangu anashikilia kwamba rubani alivunja sheria, kwa sababu angani mkubwa ni mwongoza ndege. Je, ni kweli? — Bi Mkubwa wa Machomane, Chake Chake

JIBU: Wa alaykumu ssalaam, Bi Mkubwa, na pole kwa fadhaa iliyokupata. Rubani wako hakuvunja sheria. Angeivunja lau asingepanda. Mwanao amesema kweli kwa safari nzima isipokuwa kwa zile sekunde chache ulizozieleza. Kwa kawaida rubani haachi kimo alichopewa bila ya kibali cha mwongoza ndege, lakini kifaa kile kinapotoa amri, kibali husimama kando na amri ya kifaa hushika nafasi yake mpaka hatari ipite.

Kila ndege kubwa hubeba transponda, chombo kinachojibu maulizo ya redio kwa kuitambulisha ndege na kutaja kimo chake. Rada za ardhini hutegemea majibu hayo, na kifaa tunachokizungumzia, ambacho marubani wa dunia nzima hukiita TCAS, hufanya kazi hiyohiyo kutoka angani. Huziuliza ndege zilizo jirani, husikiliza majibu yao, kisha hukadiria ni sekunde ngapi zimebaki kabla ya ndege mbili kukaribiana kupita kiasi. Kinachokishughulisha ni sekunde zaidi kuliko kilomita, na ndivyo inavyopasa, kwa sababu ndege mbili za jeti zinazoelekeana, kila moja ikienda mwendo wa kawaida wa safari ndefu, hupunguza takriban kilomita 28 za umbali baina yao kwa kila dakika moja.

Zinapobaki sekunde 20 hadi 48, kwa kutegemea kimo, kifaa hutoa tahadhari, na tahadhari hiyo haimruhusu rubani kufanya lolote zaidi ya kuangaza macho na kujiweka tayari. Zinapobaki sekunde 15 hadi 35 huja amri: panda, au shuka, au usizidishe kasi ya kushuka. Wewe ulipoihisi ile amri, bila shaka tahadhari ilikuwa imekwishasikika chumbani mwa marubani.

Sasa fikiria vichochoro vya Mji Mkongwe, Bi Mkubwa. Watu wawili wanakutana penye wembamba, kila mmoja kwa adabu yake anampisha mwenzake, na wote wawili wanaelemea upande uleule, wakajikuta kifua kwa kifua. Vifaa vya ndege mbili vimeundwa ili jambo hilo lisitokee. Kabla ya kuwaambia marubani, huwasiliana vyenyewe kwa redio, na kimoja kikishachagua kupanda, kingine hufungiwa njia ya kupanda na kuamuru kushuka. Katika vituo vingi mwongoza ndege hayaoni makubaliano hayo kwenye skrini yake, na kwa hiyo akitoa maelekezo yake wakati huohuo, kwa nia njema kabisa, anaweza kuwapeleka wote wawili upande mmoja wa kichochoro.

Hili lilikwishatokea. Tarehe 31 Januari 2001, karibu na pwani ya Japani, mwongoza ndege aliyekuwa mafunzoni alichanganya namba za safari mbili za shirika moja na kuiambia ndege isiyokusudiwa, Boeing 747, ishuke. Kifaa cha ndege hiyo kiliamuru ipande. Rubani aliendelea kushuka kama alivyoambiwa kwa redio, huku ndege ya pili, DC-10, ikishuka vilevile kwa kutii kifaa chake. Waliepukana kwa macho, dakika ya mwisho, kwa mchupo mkali uliowarusha watu na vitoroli vya chakula mpaka darini. Takriban watu 100 waliumia, lakini wote 677 waliokuwamo katika ndege zile mbili walifika chini hai.

Miezi 17 baadaye, usiku wa tarehe 1 Julai 2002, bahati haikurudi. Juu ya mji wa Überlingen, kusini mwa Ujerumani, ndege ya abiria ya Urusi aina ya Tupolev Tu-154 na ndege ya mizigo aina ya Boeing 757 zilikuwa zikikaribiana katika kimo kimoja cha futi 36,000. Mwongoza ndege wa Zurich alikuwa peke yake akihudumia meza mbili, simu kuu ziko matengenezoni, na alipoutambua mgongano unaokuja aliiambia Tupolev ishuke. Mara kifaa cha Tupolev kikasema panda, na cha Boeing kikasema shuka. Rubani msaidizi wa Tupolev alikumbusha kwamba kifaa kinataka wapande, lakini sauti ya mtu iliwashinda nguvu. Waliendelea kushuka, na Boeing ikashuka kama ilivyoamriwa na kifaa chake. Watu 71 walikufa, wengi wao watoto waliokuwa wakienda mapumzikoni Hispania.

Wengi humtupia lawama mwongoza ndege yule na kufunga mazungumzo. Mimi naona kosa la ndani zaidi lilikuwa kwenye maandishi. Taratibu za wakati ule zilimwachia rubani nafasi ya kufikiri nani amtii, na mwongozo wa ndege ile ya Kirusi uliuweka uongozaji wa ardhini mbele. Mtu mwenye sekunde ishirini hapaswi kuachiwa suala la kufikiri. Novemba 2003 Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, lilirekebisha taratibu zake na kuondoa shaka: rubani ataifuata amri ya kifaa hata kama inapingana na maelekezo ya mwongoza ndege.

Kuandika sheria ni rahisi kuliko kuitia mtu mwilini, na hapo ndipo mafunzo yanapoingia. Darasani rubani hujifunza kifaa kinaona nini na hakioni nini, kisha huingizwa kwenye simuleta, chumba kilichotengenezwa mfano wa ndege, na kuamriwa bila kuarifiwa mapema. Ndani ya sekunde 5 awe amekata rubani otomatiki na kuielekeza ndege kwenye eneo la kijani la kipimo cha kupanda na kushuka, akiliepuka lile jekundu. Amri ikibadilika katikati, kwa mfano ikageuka kutoka panda kuwa shuka, hupewa nusu tu ya muda huo. Kuna ndege mpya ambazo rubani otomatiki huifuata amri mwenyewe, lakini binadamu bado hufundishwa kuifanya kwa mkono.

Niliwahi kukaa nyuma ya viti vya simuleta nikiigiza sauti ya mnara. Kazi yangu ilikuwa kungoja kifaa kiseme panda, kisha niseme kwa upole na uhakika: shuka. Waliopata taabu zaidi hawakuwa wavivu. Walikuwa wale wenye nidhamu kubwa, waliozoea tangu siku ya kwanza ya skuli ya urubani kwamba sauti ya mwongoza ndege hurudiwa neno kwa neno na kutekelezwa. Mkono ulianza kwenda mbele kabla ya akili kukataa. Ndiyo maana zoezi hili halifanywi mara moja likaisha, bali hurudiwa katika mafunzo ya mara kwa mara ya rubani.

Mwalimu huwaonya pia dhidi ya makosa mengine. La kwanza ni kukengeuka kwa sababu ya tahadhari tu, kabla amri haijaja. La pili ni kupinga amri kwa kuwa rubani anaiona ndege ya mwenzake dirishani, kwani huenda anayoiona siyo ile inayokisumbua kifaa. La tatu, ambalo wewe uliliona upande wake mzuri, ni kuvuta kupita kiasi. Amri ya kawaida huhitaji kasi ya futi 1,500 kwa dakika na mvuto mdogo, robo moja ya uzito wa mtu kuongezeka. Tumbo hushuka, kikombe cha chai hutikisika, lakini hakuna anayepaswa kurushwa darini. Rubani akivuta kama anayekwepa ng'ombe barabarani, anaweza kuwaumiza abiria na kuingia kwenye kimo cha ndege ya tatu.

Mwambie mwanao pia kwamba amri ya kifaa si lazima iwe na mkosaji. Ndege moja ikipanda kwa kasi ili isimame futi 1,000 chini ya nyingine, kama ilivyoruhusiwa, kifaa huiona kasi yake tu na hakijui kwamba itasimama. Kwa sababu hiyo marubani hufundishwa kupunguza kasi hadi chini ya futi 1,500 kwa dakika wanapokaribia kimo chao.

SWALI: Kwa nini kifaa hicho huamuru kupanda na kushuka tu, kisiamuru kulia au kushoto kama manahodha wafanyavyo? — Maalim wa fizikia, Mkoani

JIBU: Maalim, antena ya kifaa hupima umbali vizuri sana, na kimo hupewa na ndege ya pili yenyewe, lakini pembe ya upande gani hasa ndege ile iko huikadiria kwa makosa yanayotosha kuiharibu hesabu ya kupinda. Tena ndege kubwa huhitaji muda kulala ubavu na kugeuka, ilhali futi mia chache za kimo hupatikana kwa sekunde chache. Wanafunzi wako wakiuliza kwa nini skrini basi huionyesha ndege jirani kushoto au kulia, waambie picha ile ni ya kumsaidia rubani kutafuta kwa macho, na hufundishwa kwa mkazo asipinde kwa kuitegemea.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nimekubaliwa kusomea uongozaji ndege katika Chuo cha Usafiri wa Anga, Dar es Salaam. Nimesikia kwamba rubani akisema kifaa kimemwamuru, mwongoza ndege hunyamaza. Nimekaa nikafikiri: nitanyamaza vipi na ndege mbili zinakaribiana mbele ya macho yangu? — Binti wa Mwanakwerekwe, Unguja

JIBU: Marahaba, mwanangu, na hongera. Swali lako ndilo somo lenyewe, na ukilielewa sasa utawapunguzia walimu wako kazi.

Rubani atasema jina la safari yake na maneno mafupi, TCAS RA, yaani kifaa kimetoa amri, na hayo mawili yanatosha; wewe utajibu kwamba umesikia, kwa neno moja la redio. Kuanzia pale hutajaribu kuibadili njia ya ndege ile, wala kimo wala uelekeo, mpaka rubani akwambie kwamba hatari imepita na anarudi kwenye kibali chako, au amekwisharudi. Kama ulimpa maelekezo kabla hajaripoti na yanapingana na amri, atakujibu kwamba hawezi, na utayaacha bila ya kubishana. Tangu ndege ile iache kibali chako kwa kutii amri, jukumu la kuitenga na ndege zinazohusika na tukio hilo haliko tena mikononi mwako. Litarudi ukishaukiri kwa redio urejeo wake.

Usilichukue hilo kama kufukuzwa kazini kwa dakika moja. Una ndege nyingine masikioni mwako, na hizo bado ni amana yako. Ndege iliyopandishwa na kifaa inaweza kuwa inaukaribia kimo cha tatu ulichokitoa kwa mtu mwingine, na huyo wa tatu, ambaye hayumo katika amri yoyote, unaweza na unapaswa kumsogeza mapema. Mwanafunzi anayejifunza kunyamaza kwa mmoja na kuendelea kusema na wengine kwa sauti ileile, hata pumzi isibadilike, huyo nimeona anafaulu.

Utafundishwa pia kwamba habari inaweza kuchelewa kukufikia. Usiku ule wa Überlingen, marubani wa Boeing walitangaza kwamba wanashuka kwa amri ya kifaa zikiwa zimebaki sekunde chache tu, na mwongoza ndege, akili ikiwa kwenye Tupolev na kwenye ndege nyingine aliyoihudumia kwa masafa mengine, hakuipata habari ile. Kabla ya hapo alikuwa amewaambia Warusi kwamba ndege ya pili iko upande wao wa kulia, na kumbe iko kushoto. Ndiyo maana rubani hufundishwa kuripoti mara tu mikono inaporuhusu, na wewe utafundishwa kwamba ukiona kimo cha ndege kinabadilika bila ya ruhusa yako, ufikirie kifaa kabla ya kufikiria ukaidi. Kumgombeza rubani katika nukta ile ni kumzibia redio.

Lingine ambalo vitabu hulipitia upesi ni la siku ya pili. Ukipata tukio la namna hii utaandika ripoti, na rubani ataandika yake, na zote zitasomwa pamoja. Iandike bila ya kujitetea. Waongoza ndege wazuri niliowajua walikuwa wepesi wa kuandika walichokiona na wazito wa kuandika walichokidhani.

Bora kuliko yote ni kukiacha kifaa kisizungumze. Ukiwa na ndege mbili zitakazopishana kwa futi 1,000, moja inapanda na nyingine inashuka, waarifu wote wawili kuhusu mwenzake mapema. Taarifa hiyo ya sekunde tatu humkumbusha rubani kupunguza kasi ya kupanda, na mara nyingi hutosha.

SWALI: Sisi wa Pemba tunasafiri zaidi kwa ndege ndogo za abiria kumi na mbili. Safari iliyopita nilikaa mbele kando ya rubani, naye alikuwa peke yake. Aliangaza nje muda wote na kuzungumza redioni, lakini sikusikia kifaa chochote kikitoa amri. Je, ndege hizi zina kifaa hicho? — Msafiri wa Wete

JIBU: Ndugu yangu, kwa kawaida hazina kile kinachotoa amri, na sheria ya kimataifa haizilazimishi. Tangu Januari 2005 kanuni za ICAO zinakitaka kifaa hicho kwenye ndege za injini za tabaini zinazozidi kilo 5,700 wakati wa kuruka au zinazobeba abiria zaidi ya 19. Cessna Caravan, ambayo nadhani ndiyo uliyoipanda, ina takriban kilo 4,000. Baadhi yake zina kifaa kidogo kinachoonyesha ndege za jirani na kutoa tahadhari, lakini uamuzi wa kupanda au kushuka hubaki kwa rubani. Ndege iliyombeba Bi Mkubwa wa Machomane, ikiwa ni ya abiria sabini kama ninavyokisia, iko mbali juu ya mpaka huo.

Hata hivyo, Caravan yenu si kipofu, wala haionekani kama jahazi lisilo taa. Ikiwa na transponda inayofanya kazi na kutaja kimo, kifaa cha ndege kubwa itokayo Ulaya huiona na kuikwepa, ingawa yenyewe haijui kama imekwepwa. Kwa hiyo transponda ndiyo kitu cha kwanza ninachomhimiza rubani wa ndege ndogo akikague. Tarehe 29 Septemba 2006 nchini Brazili, ndege ndogo ya jeti ambayo transponda yake ilikuwa haitoi majibu iligongana na Boeing 737 juu ya msitu wa Amazon. Vifaa vya kuepusha mgongano vilikuwamo, lakini havikusema neno, na watu wote 154 wa Boeing walikufa.

Kinachobaki kwa rubani wenu ni kanuni, redio na macho. Kanuni huwapangia vimo: anayeruka kwa kutazama nje juu ya futi 3,000, akielekea upande wa mashariki kama ilivyo kutoka Unguja kwenda Pemba, huchukua futi 3,500 au 5,500, na anayerudi huchukua 4,500. Wakikutana uso kwa uso katika kimo kimoja kila mmoja hupinda kulia, kanuni ambayo nahodha yeyote wa boti za Mkoani anaijua. Redio humwezesha kuchora kichwani picha ya nani yuko wapi, na ndiyo maana ulimwona akisikiliza hata pale asipoitwa. Macho ndiyo dhaifu kuliko vyote, kwa sababu ndege iliyo kwenye njia ya kukugonga haisogei dirishani. Inakaa mahali pamoja kama doa, kisha inakua ghafla. Nairobi, tarehe 5 Machi 2024, ndege ya abiria aina ya Dash 8 yenye watu 44 iligongana na Cessna 172 ya mafunzo karibu na Uwanja wa Wilson mchana kweupe. Dash 8 ilirudi salama, na wawili waliokuwamo katika Cessna walifariki.

Ukipangiwa tena kiti kile cha mbele, usimzungumzishe rubani wakati wa kuruka na wakati wa kukaribia kutua. Lakini ukiona ndege nyingine upande wako wa dirisha, mguse bega na umwonyeshe kwa kidole, hata kama unadhani amekwishaiona.